Barua ya wazi kwa Kamati ya ukumbi wetu: flashi haisubiri watu wamalize kucheka

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Uendeshaji,
Ukumbi wetu wa maigizo, Keko,
Dar es Salaam.

YAH: MSIMU UJAO WA VICHEKESHO NA MICHEZO YA MUZIKI

Mama Mwenyekiti, shikamoo. Wajumbe wa Kamati, salaam kwenu nyote.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga kinanda wenu. Nimekaa kwenye ile kona ya kushoto ya jukwaa tangu 2009. Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono tarehe 24 Julai, siku tatu baada ya ratiba ya msimu kubandikwa mlangoni, ikasainiwa kwenye daftari la kupokelea barua. Ya pili niliileta tarehe 11 Agosti ikiwa na saini za wanachama kumi na saba. Mliniita kikaoni tarehe 20 Agosti. Nilifika, nikakaa kwenye benchi la nje hadi magharibi, nikaambiwa akidi haikutimia. Tangu hapo kimya. Nikiuliza kwenye kundi la WhatsApp naambiwa mambo ya ofisi hayajadiliwi humo. Na msimu unaanza wiki ya mwisho ya Oktoba. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima ile ile ya barua mbili za mwanzo, ila safari hii na watazamaji wasikie.

Kwa wasioiona ratiba: kuna maonyesho ya aina nne. Vichekesho viwili kutoka Uingereza na michezo miwili ya muziki kutoka Marekani. Yote ni kwa Kiingereza. Yote yanaanza saa 2:00 usiku. Na michezo ya muziki itachezwa bila bendi, muziki uliorekodiwa utatoka kwenye flashi. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi, na si kwa kuwa linanigusa mimi tu.

1. Kuondolewa kwa bendi

Kwenye kichekesho kuna jambo moja ambalo hakuna mtunzi anayeweza kuliandika kwenye karatasi: watu watacheka kwa muda gani. Jumamosi ukumbi ukijaa wanaweza kucheka sekunde ishirini. Jumanne ya mvua, kwa maneno yale yale, wanacheka tatu. Watunzi wa michezo ya muziki wanalijua hili vizuri sana. Ndiyo maana kwenye nota zao, kabla ya wimbo kuingia, mara nyingi unakuta kipande kifupi kilichowekewa alama ya kurudia, na maelezo kwamba kirudiwe mpaka mwigizaji awe tayari. Sisi wapigaji tunaita kuzungusha. Unazungusha, macho kwa mwigizaji, masikio kwa watu. Kicheko kikianza kushuka yeye anavuta pumzi, wewe unaingia naye.

Mwaka juzi, kwenye ule mchezo wetu wa harusi, bwana harusi alitakiwa asimame aimbe. Kanzu ikanasa kwenye msumari wa kiti, kiti kipya kilicholetwa mchana ule ule na fundi wa hapa hapa Keko. Akasimama na kiti. Haikuwa kwenye mchezo. Ukumbi ukalipuka. Alipogeuka kuangalia kinachomvuta, kiti kikageuka naye, watu wakaanza upya. Nilizungusha kile kipande mara kumi na nne. Nilihesabu, kwa sababu kidole changu cha mwisho kilianza kufa ganzi. Mpiga tumba akaona jamaa anapiga hatua, akaanza kuzipigia zile hatua. Jamaa akasikia, akaanza kutembea kwa mdundo, kiti nyuma kinamfuata. Mama mmoja safu ya pili alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Kisha kicheko kikashuka, bwana harusi akanikazia macho, tukaingia. Halikupotea neno hata moja la wimbo. Mwongozaji alikiacha kiti kile na msumari wake hadi siku ya mwisho ya maonyesho.

Sasa tuje mwezi Mei, mlipofanya jaribio la flashi. Nilikaa safu ya tano kama mtazamaji. Utani wa kwanza ulipowapata watu, wimbo ukaanza wakiwa katikati ya kucheka. Binti aliyekuwa anaimba ana sauti ya kweli kweli, lakini afanye nini? Flashi imeanza, naye ikabidi aanze. Ubeti wote wa kwanza ukazama. Na ubeti ule ndio uliotaja mfuko ambamo barua ilifichwa. Nusu ya pili watu walibaki kuulizana kwa nini kila mhusika anakimbilia lile koti.

Halafu nikaona jambo lililoniumiza zaidi. Watu wakaanza kujizuia. Walishajua kwamba wakicheka watakosa maneno. Kufikia mapumziko ukumbi ulikuwa umetulia kama chumba cha mtihani, na lile lilikuwa onyesho la kuchekesha. Waigizaji walirudi nyuma ya pazia wakiamini wamecheza vibaya. Hawakucheza vibaya.

Mvua nayo ikapiga bati. Bendi ingepandisha, au ingenyamaza kidogo imwachie mchekeshaji aizungumzie hiyo mvua, kama tunavyofanya kila masika. Flashi iliendelea na sauti yake ile ile. Fundi mitambo akapandisha spika mpaka zikapiga mluzi. Na umeme bado sijautaja. Umeme ukikatika, tumba na saksofoni vinaendelea, na watu wanawasha tochi za simu wanamulika jukwaa. Wanachama mnakumbuka usiku ule ulipokatika, na mnakumbuka kwamba hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Najua mtajibu kwamba bendi ni gharama. Basi tuhesabu mbele za watu. Tuko sita. Hatulipwi mshahara, tunapewa nauli ya shilingi 15,000 kwa kila onyesho, na mazoezini tunajitegemea. Michezo miwili, kila mmoja mara sita, ni maonyesho 12. Nauli yetu sote kwa msimu mzima ni shilingi 1,080,000. Rekodi nazo si za bure. Kampuni zinazosimamia haki za michezo hii hukodisha rekodi za kusindikiza kwa ada ya peke yake, juu ya ada ya kibali cha kuigiza, na fedha hizo zinakwenda nje kwa dola. Kwenye barua ya kwanza niliomba nionyeshwe ankara. Naomba tena. Ikiwa kweli flashi ni nafuu kuliko sisi, iwekeni ankara kwenye ubao wa matangazo, nami nitasimama mbele ya wanachama niseme nilikosea hesabu.

Mtasema pia kwamba wapigaji wanachelewa. Ni kweli. Mwaka jana mara mbili tulianza kwa kuchelewa kwa sababu ya mpiga besi, ambaye anakaa Kigamboni na foleni ya pantoni ilimshika. Alikosea, na aliomba radhi mbele ya waigizaji wote. Wekeni daftari la mahudhurio. Pangeni faini. Nitakuwa wa kwanza kuilipa nikichelewa.

Lakini kuna jambo halina utetezi, na hapa naomba radhi mapema kama maneno yangu yatakuwa makali. Mzee wetu wa saksofoni ana miaka 71. Amepiga dansi katika mji huu tangu wengine wetu hatujazaliwa, na vijana watatu wanaopuliza leo kwenye bendi za harusi amewafundisha yeye, bure, kwenye kibaraza cha ukumbi huu. Habari za kuondolewa kwake alizisoma kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, akiwa amekuja kwenye mazoezi ya Alhamisi na ala yake begani. Hakuna aliyempigia simu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaniuliza mimi kama "muziki wa kurekodiwa" maana yake ndiyo hiyo aliyoielewa. Mama Mwenyekiti, wewe ni mzazi wetu. Mzee haambiwi kwa karatasi ya mlangoni.

2. Hakuna onyesho hata moja la Kiswahili

Tarehe 7 Julai tulipamba ukumbi kwa ajili ya Siku ya Kiswahili. Vitenge vilitundikwa, watoto wakaimba, Mjumbe mmoja wa Kamati akatoa hotuba nzuri akikumbusha kwamba UNESCO ndiyo iliyoitenga siku hiyo mwaka 2021. Wiki mbili baadaye ratiba ikatoka, na ndani yake hakuna sentensi moja ya Kiswahili itakayosemwa jukwaani. Hata usiku wa kundi letu la vichekesho, ambao umefunga kila msimu tangu nijiunge, umefutwa.

Sina ugomvi na mchezo wa kigeni. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare akiwa Rais wa nchi. Mabepari wa Venisi ilitoka 1969, na ni mchezo ambao waliokusanya kazi za Shakespeare mwaka 1623 waliupanga kwenye kundi la vichekesho. Mchezo wa mtunzi aliyefariki karne nne zilizopita hauna wa kumwomba ruhusa. Unautafsiri, unauleta Temeke, unamvalisha mwenye kudai deni koti la mkopeshaji wa mtaani, na watu wanamjua papo hapo. Michezo mliyochagua imefungwa. Kibali cha mchezo ambao haki zake bado ziko hai hakimruhusu mtu kubadili maneno wala kutafsiri bila ridhaa ya maandishi ya mwenye haki. Kwa hiyo mchekeshaji wetu akimwona mtu anaingia amechelewa na mfuko wa karanga, hana ruhusa ya kumwambia neno.

Na kichekesho chetu kinaishi hapo hapo, kwenye kumwambia neno yule wa karanga. Wachekeshaji wengi wa Kiswahili, tangu zamani, hawakuwa na maandiko ya kukariri. Walikubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, katikati wakaachiana wao na watazamaji. Waliokuwa wakisikiliza Pwagu na Pwaguzi kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam wanajua namna neno moja la mtaani lilivyoweza kumfanya mtu asimamishe baiskeli dukani asikie mwisho wake. Mzee Small na King Majuto wametutoka, mmoja 2014 na mwingine 2018, na bado ukisema sentensi moja kwa sauti ya Majuto ndani ya daladala abiria watageuka. Urithi huo hamwezi kuuweka pembeni msimu mzima kisha mkaita msimu wa vichekesho.

Mnasema Kiswahili hakiingizi fedha. Wenye umri wangu tunakumbuka miaka ya 1990, vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilipokuwa vinashindana katika mji huu. Kiingilio kimoja, usiku mmoja: ngoma, sarakasi, igizo, kichekesho, na taarabu ya kufungia. Watu walijaa baa na kumbi, na walijaa kwa Kiswahili. Lakini tusiende mbali. Desemba iliyopita, usiku wa kundi la vichekesho, tulikwenda kuazima mabenchi msikitini na kanisani, yote mawili, na bado kuna waliosimama. Mtunza fedha alikuwepo mlangoni, na daftari la viingilio analo.

Mnasema pia wafadhili wanataka Kiingereza. Mfadhili anayetoa fedha kwa ukumbi wa jamii ulioko Temeke anajua Temeke wanaongea nini. Je, ameulizwa? Mimi nimeuliza kama aliulizwa, sijajibiwa.

Wala hatuna upungufu wa michezo. Amandina Lihamba aliichukua hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali akatupatia Hawala ya Fedha, mtu na hundi yake anayezungushwa ofisi hadi ofisi. Kuna mtu wa Dar es Salaam asiyemjua huyo? Edwin Semzaba alituachia Ngoswe, karani wa sensa anayekwenda kijijini kuhesabu watu, akaishia kutoroka na binti wa watu, na karatasi za serikali zikaishia motoni. Nimeona kidato cha tatu wakiigiza kisa hicho kwenye uwanja wa shule, bila taa wala maiki, walimu wamelalia meza kwa kucheka. Haki za kazi hizi nazo ziko hai, lazima ziombwe na zilipwe, na ni vizuri zilipwe. Lakini wahusika wengi wako nchini. Tunawaomba kwa Kiswahili na tunawalipa kwa shilingi.

3. Saa ya kuanza

Hili ni fupi. Onyesho likianza saa 2:00 usiku linaisha saa 5 kasoro. Anayerudi Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto anaanza kuangalia saa kuanzia saa 3 na nusu, na mtu anayeangalia saa hacheki. Mama mwenye watoto haji kabisa. Miaka yote tulikuwa na onyesho la Jumamosi saa 9 alasiri, ambalo ndilo lililokuwa na kelele kuliko yote. Mwaka huu halipo, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

4. Viti vya mbele

Safu mbili za mbele zitafungwa kamba kwa ajili ya wageni maalumu. Naelewa heshima kwa wageni. Ila mwaka jana, maonyesho kadhaa, wageni hawakuja na kamba haikufunguliwa. Mchekeshaji akawa anarusha maneno juu ya viti ishirini na nne vitupu mpaka yawafikie watu. Kicheko kinaanza kwa mtu mmoja wa mbele, aliye karibu kuona jicho la mwigizaji, kinarudi nyuma safu kwa safu. Pale mbele pakiwa tupu, hakuna pa kuanzia. Kamba ifunguliwe dakika tano kabla ya pazia, mgeni asiyefika kiti chake akalie mwingine. Hakuna atakayemvunjia heshima mtu ambaye hayupo.

Tunachoomba

Sisi kumi na saba, na wengine waliotuunga mkono baadaye, tunaomba haya. Bendi irudishwe kwenye michezo yote miwili ya muziki. Ikiwa mkataba wa rekodi umeshasainiwa kwa mchezo wa kwanza na hauvunjiki, basi irudi kwenye wa pili, na mkataba huo tuuone. Usiku wa vichekesho vya Kiswahili urudi kwenye ratiba, na safari hii upewe wiki nzima. Onyesho la Jumamosi alasiri lirudi. Na Mzee wa saksofoni aendewe nyumbani kwake na Mwenyekiti mwenyewe, kabla ya jambo lingine lolote. Haya mengine tunaweza kujadiliana. Hilo la Mzee hatujadiliani.

Zaidi ya hayo, katiba yetu inataka ratiba ya msimu ipitishwe na mkutano wa wanachama. Mkutano huo haukuitwa. Tunaomba uitishwe kabla ya tarehe 5 Oktoba, siku ya mwisho wa juma ili wanaofanya kazi wafike, na ajenda ibandikwe siku saba kabla. Tukikaa, tukapiga kura, na wengi wakasema wanataka flashi na Kiingereza, nitakubali na nitakuja kupanga viti.

Hatutasusia onyesho wala hatutamzuia mtu mlangoni. Waigizaji wa msimu huu ni wadogo zetu na wanetu, wamefanya mazoezi kwa jasho, na yule binti wa Mei namwombea asipoteze ubeti mwingine.

Mazoezi ya bendi huwa Alhamisi saa 11 jioni. Alhamisi mbili zilizopita tulifika tukakuta chumba cha ala kimebadilishwa kufuli, tukakaa kibarazani na tumba moja na saksofoni. Watoto wa mtaa wakaja kukaa nasi. Alhamisi ijayo tutafika tena. Kinanda kiko humo ndani, na ufunguo mnao ninyi.

Wenu mtiifu,

Mpiga kinanda,
mwanachama tangu 2009.

Nakala: Wanachama wote, ubao wa matangazo.